Kumpachika Asiyekuwepo

Ndugu msomaji, nianze kwa kukuuliza swali. Mtu akikuonyesha picha ya harusi, na ndani yake amesimama mtu ambaye siku ile hakuwepo, utasema umedanganywa? Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, tena kwa kujiamini, na jibu langu halikumaliza wiki mbili.

Kazi yangu ni kupiga video za harusi. Kwa asiyezijua harusi za Unguja, nieleze kidogo. Upande wa wanawake ni wa wanawake. Mabuibui yanavuliwa, nywele zinaonekana, watu wanacheza mpaka jasho linawatoka. Mwanamme na kamera yake hana njia ya kuingia. Ndugu wa karibu wa bibi harusi huitwa kwa dakika chache tu, watu wakajifunika, wakapiga naye picha, wakatoka. Kwa hiyo riziki hiyo tunaila sisi wapiga video wa kike. Tukishapiga tunakaa na kompyuta, tunakata, tunaunga, tunatia muziki, na mzigo unakwenda kwa wenyewe. Hautoki nje. Ni amana. Ikivuja video ya mtu mjini, basi tafuta kazi nyingine.

Mwaka 2017 chumba changu cha kazi kilikuwa Mkunazini, ghorofa ya pili, ngazi za mbao zinazolia kila ukikanyaga. Siku chache baada ya harusi ya binti yake, mama mmoja alizipanda ngazi hizo polepole, akakaa kitini, akavuta pumzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe unajua kumtia mtu kwenye picha."

"Mtu gani, mama?"

"Mwanangu. Alipanda Spice."

Hapa kwetu huna haja ya kuuliza Spice ipi. Meli ya MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaza watu kupita uwezo wake. Wengi waliokuwemo hawakuonekana tena. Mama huyu hakuletewa maiti, na kaburi la kumwonyesha mtu hana. Alichokuwa nacho ni picha moja ndani ya bahasha: kijana wa miaka 19, shati jeupe, amesimama Forodhani na bahari nyuma yake. Ilipigwa Sikukuu ya Idd el Fitri ya mwaka ule ule, siku kama kumi tu kabla ya safari.

Alitaka nimtie kijana huyo kwenye video ya harusi ya dada yake, pale ndugu wanaposimama na bibi harusi.

"Baina yangu na mjomba wake pana nafasi," aliniambia. "Nimemwachia."

Nikaifungua video. Kweli, nafasi ipo, ya upana wa mtu mmoja. Nikajikumbuka mwenyewe nyuma ya kamera nikisema, "Mama, sogea kidogo, karibianeni," naye akaniangalia tu, asisogee. Siku ile nilidhani hakunisikia kwa kelele za ngoma.

"Inawezekana, mama," nikamwambia. "Nipe siku nne."

Sikuona shida yoyote, na sababu yake ni hii. Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimekataa kazi ya bwana mmoja aliyetaka nimfute mtalaka wake kwenye picha aliyopiga yeye, mke na watoto. Nilimwambia watoto wakikua watauliza ule mkono uliobaki begani kwao ni wa nani. Akaondoka na hasira zake. Mimi nikajitungia sheria: kufuta ni dhuluma, kuongeza ni wema. Kufuta kunamnyima mtu haki ya kuwa alikuwepo. Kuongeza hakumnyimi mtu kitu. Tena katika habari ya mama huyu, familia nzima inajua kwamba kijana amefariki. Sasa nani atakayedanganyika? Nikaiona sheria yangu ni nzuri, fupi, inaingia mfukoni.

Hapa naomba turudi nyuma kidogo, maana wengi wanadhani kumpachika mtu kwenye picha ni ujanja ulioletwa na kompyuta. Sivyo. Mwaka 1898 Mfaransa Georges Méliès alitengeneza filamu fupi ambamo anakivua kichwa chake mwenyewe, anakiweka mezani, kinaota kingine mabegani, hata vikafika vitatu mezani na cha nne yuko nacho. Alikuwa akiziba sehemu ya picha kwa weusi, anapiga, anairudisha filamu nyuma, kisha anapiga tena pale palipozibwa. Msingi wa kazi yetu yote ni huo: unaacha nafasi, halafu unaijaza.

Na huku pwani yetu tulikuwa na wetu. Lamu aliishi mpiga picha Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, fundi aliyejifunza mwenyewe. Katika studio yake, bila ya kompyuta yoyote, alikata na kuunganisha picha za wateja wake, akamtoa mtu nyumbani kwake akamchanuza katikati ya ua. Ukiitazama picha kama hiyo hujiulizi huyu bwana aliingiaje kwenye waridi. Unajua kwamba umechezewa, na unafurahi. Liweke jambo hili akilini, nitalirudia.

Wenye filamu wakaendelea na njia zao. Mtu anasimamishwa mbele ya pazia la buluu, kwa kuwa buluu ni rangi iliyo chache katika ngozi ya binadamu, iwe nyeusi iwe nyeupe. Kisha buluu yote inatolewa na mahala pake panatiwa jangwa, bahari au moto. Tabu ilikuwa kwenye nywele, moshi na vioo, vitu visivyo na mpaka ulio wazi. Petro Vlahos ndiye aliyeisafisha njia hiyo kwa ajili ya filamu ya Ben-Hur ya mwaka 1959. Zilipokuja kamera za dijitali, pazia la kijani likashika nafasi, na hapo ndipo sisi wa Unguja tulipoingia matatani, kwani mabibi harusi wetu wengi hupenda kuvaa kijani. Nimewahi kumsimamisha bibi harusi mbele ya pazia hilo bila kufikiri, nikafungua kompyuta, nikakuta kichwa na viganja vya hina vinaelea hewani. Sikumwonyesha mwenyewe.

Kompyuta ilileta jambo moja kubwa. Kila nukta ya picha ilikuwa na namba tatu: ya wekundu, ya ukijani na ya ubuluu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Ed Catmull na Alvy Ray Smith, wakiwa New York Institute of Technology, waliongeza namba ya nne wakaiita alfa. Namba hii haisemi habari ya rangi. Inasema nukta hii ni ya mtu huyu kwa kiasi gani. Ikiwa moja, ni yake nzima. Ikiwa sifuri, si yake kabisa. Na pale ukingoni, kwenye ncha ya unywele, huwa ni nusu au robo: kidogo ni unywele, kidogo ni ukuta ulio nyuma. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm wakaandika hesabu ya kuweka picha moja juu ya nyingine kwa kutumia namba hiyo, na mwaka 1996 wanne hao wakatunukiwa tuzo na akademia ya filamu ya Marekani.

Programu zilizofuata zote zimesimama juu ya hesabu hiyo. Flame ilitoka mwaka 1992, nayo ilitaka mashine za Silicon Graphics ambazo studio kubwa tu ndizo zilizoweza kuzinunua. Nuke ilianza mwaka 1993 ndani ya kampuni ya Digital Domain kwa kazi zao wenyewe, ikaja kuuzwa kwa wengine baadaye. Shake ilipendwa na mafundi wengi, Apple ikainunua mwaka 2002, na mwaka 2009 ikaachwa. Mwaka 1993 ilitoka pia After Effects, na hiyo ilikubali kukaa kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani. Ndiyo maana ikafika mpaka Mkunazini. Mimi niliisoma kwa kompyuta ya kuazima na kwa nakala ambayo tafadhali usiniulize ilitoka wapi.

Basi nikakaa na yule kijana usiku wa kwanza. Nikamkata kwenye bahari ya Forodhani, unywele kwa unywele. Usiku wa pili nikashughulika na mwanga. Jua la jioni lilikuwa limempiga upande mmoja wa uso, na ukumbini taa zilikuwa juu. Nikalipunguza jua, nikamshushia mwanga wa taa. Alipokaa sawa baina ya mama yake na mjomba wake, nikaona bado kuna kitu kinanikera. Wenzake wote walikuwa na vivuli sakafuni. Yeye hana.

Usiku wa tatu nikamchorea kivuli. Hapo ndipo nilipoanza kushtuka. Mwili wake ulikuwa wa kweli; alisimama mbele ya kamera, mwanga ukampiga, picha ikatoka. Lakini kivuli kile hakikutokana na kitu chochote. Nilikitunga mimi, kwa sababu bila kivuli picha ingesema ukweli.

Siku ya nne mama akaja. Nikamwonyesha. Alikaa kimya muda mrefu, mkono mdomoni. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Mbona mdogo?"

"Ndivyo alivyo kwenye picha, mama."

"Hebu mtazame na mdogo wake. Bibi harusi kamzidi kaka yake."

Nikahesabu kimoyomoyo. Spice ilipozama binti alikuwa na miaka 17 na kaka yake 19. Siku ya harusi binti alikuwa na miaka 23, na kaka yake bado ana 19. Mtu yeyote akiitazama video angemwona dada mkubwa na mdogo wake wa kiume.

"Huwezi kumkuza kidogo?" mama akaniuliza. "Mtie ndevu. Baba yake alikuwa na ndevu. Mnenepeshe mashavu, angekuwa keshanenepa."

Niliweza, kwa ufundi. Ningechukua ndevu za mjomba wake nikampandikizia, na mashavu ni kazi ya saa moja. Lakini mkono ulikataa. Mpaka hapo nilikuwa nimemchukua mtu aliyekuwepo mahala fulani nikampeleka mahala pengine. Sasa naombwa nimtengeneze mtu ambaye hajapata kuwepo popote: kijana wa miaka 25, mwenye ndevu, aliyenusurika. Nikamwambia mama anipe muda. Akaniambia hana haraka, alishasubiri miaka sita.

Hilo lilikuwa pigo la kwanza kwa sheria yangu. La pili lilikuja na bibi harusi mwenyewe.

Siku mbili baadaye alikuja na mumewe kuchukua picha zao. Mume akabaki chini barabarani. Mimi nilikwenda kutafuta bahasha, na kompyuta nikaiacha wazi. Niliporudi nilimkuta amesimama mbele yake, haongei.

"Nani kakutuma?" aliniuliza.

"Mama."

"Na mie huniulizi? Harusi ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nimekwambia hapo mwanzo kwamba video ni amana, na amana ile ilikuwa yake. Nilikuwa nimemfungulia mtu mlango wa harusi yake bila ya ruhusa yake, hata kama mtu huyo ni kaka yake.

Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau. "Siku ile nililia. Wote wakadhani nalia kwa kuwa naondoka nyumbani. Nilikuwa naitazama ile nafasi aliyoiacha mama. Sasa umemtia. Watoto wangu wakiitazama hii, wataniuliza: mama, ulikuwa unalia nini, na mjomba huyo hapo amesimama?"

Ndugu msomaji, nilikuwa na hakika kwamba kuongeza hakumnyimi mtu kitu. Kumbe kunaweza kumnyima mtu machozi yake. Siku ile kilichotokea ukumbini ni kwamba mtu mmoja hakuwepo. Hilo lilikuwa tukio, kama keki ilivyokuwa tukio na vigelegele vilivyokuwa tukio, na mimi nilikuwa nalifuta kwa kuongeza. Ile tofauti yangu ya kufuta na kuongeza ikavunjika hapo hapo. Unapompachika mtu unaifuta nafasi yake, na pengine nafasi ndiyo kumbukumbu yenyewe.

Na lile neno langu la pili, kwamba familia nzima inajua? Inajua leo. Watoto wa bibi harusi hawatajua. Wajukuu ndio kabisa. Sisi tunaojua tutakwenda zetu mmoja mmoja, na picha itabaki peke yake, inasema ilichofundishwa kusema.

Utaniambia: mbona filamu zinafanya hivyo kila siku? Mwaka 1994 katika Forrest Gump tulimwona Tom Hanks akipeana mkono na Rais Kennedy, aliyeuawa mwaka 1963. Mwaka 2016 katika Rogue One tulimwona Peter Cushing, aliyefariki mwaka 1994, sura yake imejengwa upya na kompyuta na kuvishwa mchezaji mwingine. Ya pili ilizusha mjadala mkubwa kuhusu haki ya marehemu juu ya uso wake. Lakini hata hapo, hakuna aliyetoka sinema akiamini kwamba Cushing alifufuka. Wazee wetu waliokuwa wakipanga foleni pale Majestic, Vuga, walijua wanachokilipia. Hata watoto wanaokaa kwenye majani usiku wa tamasha la ZIFF, Ngome Kongwe, wanajua. Tiketi ni mapatano: wewe nichezee, mimi nitakubali kuchezewa mpaka taa ziwake.

Video ya harusi haina mapatano hayo. Haikuja kutuchezea, imekuja kushuhudia. Tunaitoa kabatini kumwonyesha mgeni nani alikuwepo, nani alivaa nini, bibi alikuwa bado ana nguvu za kucheza. Ufundi ni ule ule, hesabu ya alfa ni ile ile, programu ni moja, lakini kwa mmoja ni mchezo na kwa mwingine ni ushahidi. Kwa hiyo naona swali la kuuliza si "picha hii imeunganishwa?" Tuulize: picha hii imemwahidi nini mtu atakayeitazama, naye ana njia gani ya kujua?

Nilimwita mama, na binti akaja. Nikawaambia nimekosea kwa kuanza kazi bila ya wote wawili kukubaliana. Mama akamtazama binti yake, akanitazama mimi.

"Kwangu mie alikuwepo," alisema. "Mimi nilimwona pale siku nzima."

Hakuna aliyemjibu. Ungemjibu nini? Moyo wa mzazi nao ni shahidi, ila ushahidi wake haupigiki picha.

"Basi mnataka niwe sina picha naye?"

Hapo ndipo nilipomkumbuka Bakor na maua yake. Nikamwomba mama picha yake ya ujana na picha yake ya sasa. Akachagua ya sasa. Nikamweka yeye na mwanawe ndani ya maua mawili ya waridi, yameunganishwa kwa shina moja, asumini pembeni, kwa mtindo wa zamani kabisa ambao wenzangu wangenicheka. Sikumtia kivuli. Jua la Forodhani nikaliacha usoni mwake kama lilivyokuwa. Mtu akiitazama picha hiyo hata baada ya miaka mia hatauliza ilikuwa siku gani, ukumbi gani. Ataona kwamba kuna mtu aliyetaka hawa wawili wakae pamoja.

"Hana ndevu," mama alisema.

"Hakupata kuwa nazo, mama."

"Kweli," akasema. "Hakupata."

Video ikabaki kama ilivyopigwa, na nafasi yake.

Ningeweza kuishia hapa nionekane mwerevu, lakini miaka minne baadaye nilijikwaa tena, kwa jambo dogo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit el Ajaib iliporomoka pamoja na mnara wa saa. Mwaka uliofuata maharusi wawili walipiga picha zao Forodhani, wakaniomba niurudishe mnara nyuma yao, maana magofu na mabati ya ujenzi yanaharibu picha ya harusi. Nilikuwa na picha nyingi za mnara. Nusu saa, kazi imekwisha, mnara umesimama mbinguni kama zamani. Nilikuwa nishaipeleka kuchapwa ndipo nikakumbuka kwamba siku ile ya kuporomoka watu wawili walipoteza maisha chini ya jengo hilo. Picha yangu ilikuwa inasema kwamba siku ile haikutokea.

Safari hii nilijua la kufanya. Nikawapigia maharusi, nikawaambia chini ya picha nitaandika kwamba mnara umepachikwa. Bwana harusi akacheka. "Andika tu, nani atasoma?" Nikaandika, kwa herufi ndogo, pamoja na mwaka. Picha haikuharibika, na anayetaka kujua atajua.

Siku hizi kazi iliyonichukua usiku tatu inafanywa na simu kwa muda wa kunywa maji. Unaiambia akili mnemba, "mtie kaka yangu," naye anaingia na kivuli chake, na ndevu ukitaka. Sina ugomvi na wepesi, mimi mwenyewe nautumia. Lakini nakumbuka kwamba ulikuwa usiku wa tatu, mgongo unaniuma, niliposhtuliwa na kivuli. Kama kazi ingekwisha kwa dakika moja nisingepata wasaa wa kushtuka. Polepole ya zamani ilikuwa inatupa nafasi ya kujiuliza, na sasa nafasi hiyo lazima tuitafute kwa makusudi.

Na nyinyi wenzangu mnaoandika hadithi katika kurasa hizi, msidhani nawasema mafundi wa video peke yao. Mnachukua cheko la jirani mnampa shangazi wa kubuni, mnamhamisha marehemu babu kutoka Makunduchi mnampeleka Mombasa. Ni haki yenu, maana juu ya ukurasa mmeandika kwamba ni hadithi, na hiyo ndiyo tiketi. Lakini siku mtakapoandika habari ya mama zenu wenyewe kwa majina yao na mkasema hivi ndivyo ilivyokuwa, angalieni nani mmemtia ndevu.

Kuhusu mama wa Mkunazini, sitaki udhani kwamba nilimshinda kwa hoja. Ile picha ya maua ameitundika sebuleni, nimeiona. Ila ile video ya kwanza, ambamo kijana amesimama baina yake na mjomba wake, taa za ukumbi usoni na kivuli miguuni, sijaifuta. Imo kwenye diski ndani ya kabati langu. Sijampa mtu, na sijaweza kuifuta. Bibi harusi anajua. Aliniambia nifanye nitakavyo ila isitoke nje. Kila tukikutana na mama Darajani, tukishaamkiana na kuulizana hali, lazima aniulize.

"Mwanangu, ile nyingine bado unayo?"

"Ninayo, mama."

"Haya," husema, na anachukua kapu lake anakwenda zake sokoni.

Sijui siku akiniambia nimpe nitamwambia nini. Wewe ungempa?